Aliyeuziwa Kesho

Je, mtu aliyeuziwa kitu kizima, kisicho na kasoro wala ulaghai, anaweza kusema kwamba amedhulumiwa? Wengi watajibu kwamba hawezi: bei aliikubali, mali ameichukua, biashara imekwisha. Mimi naona jibu hilo lina haraka mno, na kisa cha diski za video kinatosha kulipima.

Mwaka 2006 ziliingia sokoni aina mbili za diski za filamu zenye picha safi kuliko DVD. Moja ni HD DVD, iliyoongozwa na Toshiba. Nyingine ni Blu-ray, iliyoongozwa na Sony na wenzake. Zote zilikuwa na upana wa sentimita 12, na zote zilisomwa kwa mwale wa leza wa buluu iliyoelekea urujuani. Hata hivyo, deki iliyotengenezwa kwa aina moja haikuweza kusoma nyingine. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Tabaka la HD DVD lilikaa milimita 0.6 ndani ya diski, kama la DVD, hivyo viwanda vilivyokuwapo viliweza kuitengeneza bila mageuzi makubwa. Lakini tabaka moja lilibeba gigabaiti 15 tu. Blu-ray ilisogeza tabaka lake hadi milimita 0.1 kutoka usoni, ikabeba gigabaiti 25. Mazungumzo ya mwaka 2005 ya kutafuta diski moja yalivunjika. Januari 2008 kampuni ya filamu ya Warner ilitangaza kubaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kuacha.

Walionunua deki za HD DVD walipoteza nini? Mashine zao hazikuharibika, na diski walizokuwa nazo ziliendelea kuonyesha. Walichopoteza ni filamu ambazo hazikutengenezwa tena kwa ajili yao. Kumbe kwa bei moja walikuwa wamenunua vitu viwili: mashine, na kesho yake. Cha kwanza walipewa. Cha pili kiliondolewa kwa uamuzi wa watu ambao hawakuwauliza.

Atatokea mtu aseme: wangengoja mshindi apatikane. Ni kweli, subira yavuta heri. Lakini mwenye fedha nyingi hununua zote mbili, wala hana haja ya kungoja. Mfikirie mkulima wa Ulaya, nasema Ulaya yetu ya Kilosa, njiani kwenda Mikumi, siyo ile ya ng'ambo. Akiuza mahindi yake, akanunua deki moja ili aonyeshe filamu kwa kiingilio, fedha hiyo ni jasho la msimu mzima. Akikosea kuchagua, hana ya pili.

Tena mkulima huyo hana haja ya kwenda Japani kutafuta mfano. Reli itokayo Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na za kusini. Kila kipimo kina sababu nzuri, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Hata hivyo, njia hizo zinapokutana Kidatu, behewa la huku haliendelei kule. Mzigo wa kuvuka sharti ushushwe na kupakiwa upya. Gharama ya milimita 67 humwangukia mwenye mzigo, ambaye hakupima reli yoyote.

Basi dhuluma yaweza kuwapo bila uongo. Mwezi Machi 2008 maduka ya Best Buy ya Marekani yaliwapa wateja wao walionunua deki za HD DVD kadi za manunuzi za dola 50. Kadi hiyo haikurudisha hasara yote. Lakini ilikubali jambo ambalo risiti haikuliandika: kwamba aliyemwita mwenzake wafuatane njia moja hana ruhusa ya kugeuka na kumwacha peke yake na gharama ya safari. Kushindana ni halali. Kushindwa nako si aibu. Aibu ni kushindwa kwa fedha za wengine, kisha kusema biashara imekwisha.