Sahihi ya Mtu ni Neno Lake

Mara kwa mara huletwa nyumbani kwetu karatasi yenye maneno machache juu na mistari mingi chini. Yaomba zahanati ya kijiji iletewe mganga, au kiwanda kiache kumwaga maji machafu mtoni, au njia iliyofungwa ifunguliwe tena. Mwenye kuileta asema, "Mzee, tia sahihi hapa." Wako watiao sahihi upesi bila kusoma, ili mgeni aondoke mlangoni. Wako nao wakataao, wakisema, "Wakubwa wamekwisha kuamua, jina langu litabadili nini?" Wengine huona kwamba kumwandikia mkubwa malalamiko ni utovu wa adabu. Leo twapenda kulifikiri jambo hili pamoja na wasomaji wetu: hati ya maombi ya watu wadogo ina nguvu gani mbele ya Serikali na makampuni, nayo yamdai nini mtu aandikaye jina lake juu yake?

Tuanze na habari ya nchini kwetu. Mwezi wa Novemba 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Wameru hawakushika silaha. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliruhusu maombi ya wenyeji yapelekwe mbele ya Baraza la Udhamini. Basi walichanga fedha, wakaandika maombi yao, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton walifika New York kuyatetea.

Walipata nini? Mwezi wa Desemba 1952 azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa. Mwenye haraka atasema kwamba safari ile ilikuwa bure. Sisi hatuoni hivyo. Serikali ya Uingereza ililazimika kujieleza mbele ya mataifa kwa ajili ya nyumba za wakulima na wafugaji ambao hapo kwanza hakuna aliyewauliza neno. Japhet aliporudi alizunguka nchini akiwasimulia watu yaliyotokea. TANU iliundwa Julai 1954, na mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere mwenyewe alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Njia ile Wameru walikuwa wamekwisha kuipita, kwa fedha walizochanga wenyewe. Ombi lililokataliwa liliwafundisha wengine kuomba.

Lakini yako pia maombi yaliyokubaliwa. Katika miaka ya 1990 nchi nyingi maskini, yetu ikiwamo, zilikuwa zikilipa madeni ya nje kwa fedha ambazo zingaliweza kununua vitabu na dawa. Mwaka 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, akikumbuka desturi ya Jubilei katika Agano la Kale, alishauri kwamba mwaka 2000 uwe wakati wa kupunguza sana madeni hayo, kama si kuyafuta kabisa. Kampeni iliyoitwa Jubilee 2000 ikaanza Uingereza, ikaenea katika nchi nyingi. Mwezi wa Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mji wa Birmingham, walikokutana wakuu wa mataifa tajiri. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wakuu hao mjini Cologne, Ujerumani, ulikubaliwa mpango mpana zaidi wa kupunguza madeni. Kampeni ilipokwisha, sahihi zilizokusanywa zilikuwa zaidi ya milioni 24.

Tanzania ilipata msamaha wake mwaka 2001, na karo ya shule za msingi ikaondolewa. Watoto waliokuwa katika shule hizo walikuwa wapatao milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2005 walikuwa wapatao milioni 7.5. Hatusemi kwamba sahihi peke yake zilileta hayo yote, wala hatusahau kwamba madarasa yalijaa kupita kiasi. Lakini kati ya watoto wale wako walioingia darasani kwa sababu watu wasiowajua, katika nchi za mbali, walikubali kuandika majina yao.

Je, makampuni nayo? Haya hayapigiwi kura, wala hayaogopi kuondolewa madarakani. Lakini yahitaji wanunuzi, nayo yahitaji jina jema. Mwaka 1998 makampuni ya dawa yaliishtaki Serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria ya mwaka 1997 iliyofungua njia ya kupata dawa kwa bei nafuu, wakati ukimwi ulipokuwa ukiua watu kwa wingi. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 2001, makampuni yalikuwa 39. Chama cha Treatment Action Campaign, kilichoanzishwa nchini humo mwaka 1998, kiliomba kusikilizwa, kikaleta maelezo ya kiapo ya wagonjwa wenyewe. Katika nchi nyingi watu walitia sahihi hati ya kuyataka makampuni yaache kesi hiyo. Mwezi wa Aprili 2001 yakaiondoa.

Tukiyatazama mambo haya matatu, twaona kwamba wingi wa majina haukutosha peke yake. Wameru walijua ni baraza gani lenye haki ya kuwasikiliza. Watu wa Jubilee 2000 walijua ni wakuu gani wenye madaraka juu ya deni, na wakutana wapi. Wagonjwa wa Afrika Kusini walisema yaliyowapata wenyewe, tena kwa kiapo, hata mawakili wa makampuni wakawa na kazi ya kuwajibu. Na wote walikuwa tayari kusimama nyuma ya majina yao baada ya wino kukauka.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba wingi hauligeuzi baya kuwa jema. Mwaka 1788, watu zaidi ya 10,000 wa Manchester walipoliomba Bunge la Uingereza likomeshe biashara ya watumwa, wafanyabiashara wa Liverpool nao walipeleka maombi yao kuitetea. Karatasi zote mbili zilikuwa na sahihi, na kila mtu alikuwa na haki ya kuomba. Lakini mtu wa Liverpool aliyeandika jina lake alitoa neno lake ili wenziwe waendelee kuuzwa, nalo neno hilo ni lake hata leo.

Kwa hiyo twawaambia wale watiao sahihi bila kusoma: hilo si jambo dogo. Atiaye jina lake chini ya maneno ashuhudia kwamba maneno yale ni kweli. Kama ni ya uongo, amemshuhudia jirani yake uongo, hata kama alitaka tu mgeni aondoke. Na asome, aulize. Kama hajui kusoma, asomewe na mtu amwaminiye.

Na wale waonao kwamba kuomba ni kukosa adabu, twawauliza: ni nani amheshimuye mkubwa zaidi, yule amnung'unikiaye kilabuni, au yule amwandikiaye waziwazi na kuweka jina lake? Aombaye akiri kwamba mkubwa ana masikio na dhamiri. Naye mkubwa apokeaye hati ana wajibu wake. Anaweza kukataa, maana si kila ombi ni la haki. Lakini na ajibu, na aseme sababu. Akiitupa kapuni bila jibu, amewafundisha watu kwamba njia ya amani haina mwisho, nao watatafuta njia nyingine.

Wako pia waogopao, na hofu yao si ya kuchekwa. Mfanyakazi aweza kupoteza kazi, na mkulima kiwanja chake, kwa ajili ya mstari mmoja. Hatuwezi kumwamuru mtu kubeba hatari hiyo. Twasema tu kwamba majina 500 si rahisi kuyaadhibu kama majina matano, na kwamba yule asiye na la kupoteza, mwenye mshahara wa hakika au jina kubwa kijijini, ndiye apaswaye kutia sahihi kwanza, mstari wa juu kabisa, ili wadogo wapate kivuli.