Twahara ya mikono na uhai wa mtoto njiti

  

Ndugu zangu Waislamu, leo naomba tuzungumze habari ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Sheria yetu haikuwasahau. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Allah ametaja miezi 30 ya mimba na kunyonyesha. Katika Surat Luqman, aya ya 14, imetajwa miaka miwili ya kunyonya. Wanazuoni wakatoa miezi 24 katika 30, ikabaki sita. Basi mtoto wa miezi sita akizaliwa hai ana nasaba yake, anarithi na kurithiwa. Ni mtu kamili.

Swali la kujiuliza: mtu kamili huyu anakufaje wodini? Wengi wetu husema ni udogo tu. Udogo upo, lakini si wote. Ngozi yake ni nyembamba, na kinga ambayo mtoto huipata kwa mama miezi ya mwisho ya mimba, yeye hakuipata yote. Kisha anatiwa dripu na mpira wa kulishia. Kila tundu ni mlango. Vijidudu huingia kwenye damu, na mara nyingi kilichovibeba ni mkono: wa mhudumu, wa mama, au wako wewe uliyekuja kutazama.

Si jambo dogo. Watafiti waliowafuatilia watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 waliona kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliothibitika kuwa na vijidudu kwenye damu walifariki, idadi iliyozidi ya wale wa malaria. Na vijidudu vilipokuwa sugu kwa dawa, vifo viliongezeka. Hapa Pemba tunayo Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, yenye uwezo wa kuotesha damu na kutambua kijidudu. Lakini maabara hutambua adui akishaingia. Mlango tunaufunga sisi.

Na Mtume (S.A.W.) alikwisha tufundisha. Alimkataza aliyeamka usingizini asitie mkono chomboni mpaka auoshe, kwa kuwa hajui mkono ule ulilala wapi. Ikiwa chombo cha maji kina haki hiyo, vipi kitovu cha mtoto wa kilo moja? Huko Vienna, daktari Semmelweis aliwaamuru madaktari waoshe mikono mwaka 1847, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Sisi tulikuwa na mafundisho hayo karne nyingi kabla. Je, tunayatumia?

Nasema haya kwa sababu nimeona wodini watu wanane wamezunguka kitanda kimoja, kila mmoja akitaka kumpakata mtoto na kumbusu. Wametoka sokoni, wamepanda gari, wamepeana mikono njia nzima. Mapenzi hayo yana hatari. Mwombee dua ukiwa nje. Hata tahniki, ambayo ni sunna, kwa mtoto njiti isubiri ruhusa ya daktari. Sheria yetu haijengwi juu ya madhara.

Wako watakaosema, "Ajali ni ya Mungu." Ni kweli. Lakini aliyetufundisha kutawakali alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza.

Mama naye ana silaha. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotolewa mwaka 2021, ulionesha kwamba kumweka njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, kulipunguza vifo kwa robo. Mumewe na mama mkwe wamwachie nafasi, wasimharakishe kurudi jikoni.

Nanyi mnaotoa wakfu: msikiti una birika, je wodi ya wazazi ina maji ya bomba na sabuni siku zote? Tangi la maji na katoni za sabuni ni sadaka yenye kuendelea. Na katika Suratul Maidah, aya ya 32, mwenye kuihuisha nafsi moja amefananishwa na aliyewahuisha watu wote. Allah hakuweka sharti la uzito wa nafsi hiyo.

Allah awahifadhi watoto wetu, awape subira waliofiwa. Wabillahi tawfiq.