Tairi Usilolisikia

Msimu wa harusi ukifika, Kimironko hapa Kigali huamka mapema. Wauza ndizi hawajamaliza kupanga mikungu sokoni, na tayari pikapu zimesimama na tela nyuma, vijana wakipakia mahema, viti vya plastiki, masufuria na spika. Safari ni ya Ngoma, Kirehe au Nyagatare. Kamba hukazwa, turubai huvutwa, dereva huyazunguka matairi ya gari lake na kuridhika. Ya tela hayatazami. Ndugu yangu, hapo ndipo penye nasaha yangu.

Tairi la mbele likipungua upepo, usukani humwambia dereva. La tela halina wa kulisemea. Linaweza kulegea huku gari likivuta kama kawaida na redio ikiimba; linanesa, linapata joto, mwisho linapasuka. Wa kwanza kuumia huenda asiwe dereva. Huenda akawa kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya viazi mlimani, au mtoto anayerudi shule kandokando ya lami, maana barabara za Rwanda ni za waendao kwa miguu kabla hazijawa za magari. Hao hawakualikwa kwenye harusi yako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na mimi naona mzigo unaoukokota nyuma ya mgongo wako nao huwa mwepesi vivyo hivyo, kwa sababu huusikii.

Kuna mazoea ambayo yananikera. Tairi likichoka mbele hupelekwa nyuma. Likichoka nyuma hupelekwa kwenye tela. Tela imekuwa jaa la matairi. Lakini tela haina injini ya kujisaidia. Inabeba uzito tu, na kwenye kona za milima yetu matairi yake huburuzwa kwa ubavu. Basi linalohitaji ubavu imara ndilo tunalolipa mpira uliokwisha nguvu.

Tena usidanganywe na kashata za tairi. Tela husimama uani wiki nyingi, uzito wote ukikaa mahali pamoja, jua likichoma. Na Kigali, iliyo mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, jua lake hukausha mpira hata siku za ubaridi. Kashata zitabaki na kina huku ubavu umejaa nyufa kama nywele. Inama utafute ubavuni tarakimu nne za mwisho za mlolongo unaoanza na herufi DOT. Zikiwa 3218, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2018. Likishapita miaka mitano au sita, la tela liache, hata kama linang'aa. Na la mtumba lililopakwa rangi nyeusi likawa kama jipya, zisome tarakimu hizo kabla hujatoa faranga zako. Ukibadilisha, badilisha mawili ya ekseli moja kwa pamoja, ya saizi moja. Lile bovu lichane ubavuni kabla ya kuliacha kwa fundi, lisije likauzwa kwa maskini mwingine.

Wapo wanaoazima matairi mazuri kwa ajili ya siku ya ukaguzi, wakishapewa cheti wanarudisha vipara vyao. Huyo hajamdanganya polisi. Polisi jioni anakwenda kwake. Aliyedanganywa ni yule atakayepanda gari hilo, au atakayepishana nalo, akiamini kwamba kilichopita ukaguzi kina usalama.

Upepo upime alfajiri, matairi yakiwa baridi, kwa sababu ya moto hutoa kipimo cha uongo. Fuata kipimo kilicho kwenye kibati cha tela. Kikiwa kimefutika, soma ubavuni mwa tairi uzito linaoweza kubeba na upepo wake, wala usizidishe. Beba la akiba la saizi ya tela yenyewe, kwa kuwa la pikapu mara nyingi haliingii. Ukifika Kayonza, pale njia ya Nyagatare inapoachana na ya Rusumo, simama. Kaza tena nati, hasa kama tairi limefungwa jana, na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu: lenye joto kuliko wenzake lina tatizo.

Sasa neno kwa anayeazimisha. Jirani akija kuomba tela ya kupeleka vyombo vya msiba, ukarimu si kumkabidhi ufunguo wa kufuli tu. Mwambie umri wa matairi. Kama hayafai, sema hayafai, hata akikununia. Na wewe unayeazima, usirudishe tela yenye pancha ukanyamaza.

Nimebakiza mwenye mali na dereva wake. Mara nyingi dereva ameliona tatizo, lakini amewahi kuambiwa, "Nenda tu, tutabadilisha ukirudi," na siku aliyochelewa kwa sababu ya tairi alikatwa mshahara. Tangu hapo amejifunza kunyamaza. Ukimya huo umeununua wewe, bosi. Kabla ya safari ijayo, mwambie mbele ya vijana wa kupakia kwamba ana ruhusa ya kukataa kuondoka na tairi bovu, kwamba hutamkata hata faranga moja, na kwamba wenye harusi utawapigia simu wewe mwenyewe.