Mungu Amwonaye Hajiri

Sehemu kubwa ya maji yanayotumika Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na vijito vingi vya Ruvu huanzia katika Milima yetu ya Uluguru. Anayefungua bomba Kariakoo hana haja ya kuikumbuka milima hiyo. Ndivyo tunavyoishi na baadhi ya wanawake: kazi yao hutufikia kila siku, wao wenyewe hatuwaoni.

Kwa desturi ya Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande huo. Mgeni akisikia hivyo hudhani kwamba huku mwanamke ndiye mwenye kauli. Lakini mara nyingi aliyesema kwa niaba ya ukoo alikuwa mjomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata hivyo, bado wapo wanaonyamaza kikao kikijadili shamba wanalolilima kwa mikono yao. Wakiulizwa hujibu, “Mimi ni mwanamke tu, nitasema nini?”

Hilo neno “tu” ndilo zito. Dhuluma inayotoka nje tunaweza kuipeleka barazani. Iliyokwisha kuingia moyoni tutaipeleka wapi? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo humfanya binti mweusi anunue mkorogo na kuiunguza ngozi aliyopewa na Muumba wake. Ndiyo humfanya aliyezaliwa Kinole au Mgeta aone haya kusema Kiluguru mjini, asije akaitwa mshamba.

Tena dhuluma ya namna hiyo haikai kwa mtu mmoja; humtafuta aliye chini yake. Tusome Mwanzo sura ya 16. Sarai alikuwa mwanamke mwenye uchungu, kwa kuwa hakuwa na mtoto. Lakini alikuwa na Hajiri, mtumwa kutoka Misri, mwana wa bara hili letu. Katika sura hiyo Sarai na Abramu hawamtaji Hajiri kwa jina hata mara moja. Kwao ni mjakazi. Sarai akamtesa hata akakimbilia jangwani na mimba yake. Huko, kwenye chemchemi, malaika akamwita kwa jina, akamwuliza atokako na aendako. Naye Hajiri akamtaja Mungu kuwa ndiye amwonaye.

Wengine hukwama hapa, kwa sababu malaika alimwagiza arudi. Wapo hata waliolitumia agizo hilo kumrudisha mwanamke kwenye kipigo. Lakini agizo lile halikumpa Sarai ruhusa ya kuendelea kutesa. Hajiri alirudi akiwa na ahadi aliyopewa yeye mwenyewe, na katika sura ya 21 anatoka katika utumwa ule, na Mungu yuko pamoja na mtoto wake.

Hajiri wa leo ni binti aliyeshuka milimani kufanya kazi za ndani Morogoro mjini au Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba ni mweusi kama yeye, huenda hata ni wa kijiji jirani, na kazini kwake naye hupuuzwa. Jumapili tunaketi kanisani tumependeza, nguo zimepigwa pasi na mtu aliyebaki nyumbani akipika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki. Sisi tunamwita “dada”, neno zuri la undugu, na wakati mwingine hatulijui jina alilobatiziwa.

Mama mmoja atasema, “Mimi mwenyewe naonewa, nina ukubwa gani?” Machozi yake ni ya kweli. Lakini mtu anaweza kuonewa ofisini na kuwa bwana jikoni kwake. Ajiulize jambo moja: ni nani nyumbani mwangu asiyethubutu kuniambia hapana? Huyo ndiye aliye chini ya mkono wangu, na kwa ajili yake nitaulizwa.

Wapendwa, haitoshi kuomba Mungu atuone sisi. Anayetuona sisi anamwona pia yule tuliyemwacha jikoni. Tumwulize jina lake, kwao, na anakotamani kufika. Tumlipe kwa wakati, apate siku yake ya kupumzika, na akipenda kuja ibadani, aketi nasi kwenye benchi moja. Na wewe dada unayesema “mimi ni mwanamke tu”, kikao kijacho cha ukoo nenda ukaseme habari za shamba lako. Mungu alipokuumba kwa mfano wake hakuongeza neno “tu”.