Unga wa Siku Moja

Akina mama wa Masasi, kusini mwa Tanzania, walijua vyema kwamba muhogo mchungu hauliwi kwa pupa. Waliumenya, wakauanika juani kwa majuma kadhaa hadi ukawa makopa, ndipo wakatwanga unga. Lakini ukame ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 na maghala yakabaki matupu, nani angengoja majuma? Wengi wakashika njia ya mkato iitwayo chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, na jioni ugali unasongwa. Saa chache baada ya kula, watu wakashikwa na kizunguzungu, wakatapika, wakalegea.

Muhogo huo una linamarini, yaani sukari iliyofungamana na sianidi. Ndani ya mzizi mzima imetengwa na kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Mchi ukiponda seli, viwili hivyo hukutana, sumu ikaanza kufunguka na hatimaye kupotelea hewani kama gesi. Kazi hiyo hutaka unyevu na muda. Unga ukikaushwa upesi, inakatikia njiani, na sumu iliyosalia huingia tumboni. Kuchemsha mzizi mzima nako hakutoshi: moto huua kimeng'enya, linamarini ikabaki.

Mwili nao hujitetea. Hutumia salfa itokanayo na vyakula kama samaki na maharage kuigeuza sianidi kuwa tiosianati, ikatoka kwa mkojo. Ila njaa ikibisha hodi, kitoweo ndicho hutangulia kuadimika. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukame wa 1981 uliwaacha watu zaidi ya 1,000 waliotegemea muhogo huo wamepooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo, konzo, hauna tiba.

Wakulima huupenda muhogo mchungu kwa kuwa nguruwe pori na wezi hawauvamii. Wakumbuke kwamba sumu inayomfukuza nguruwe haimbagui mwenye shamba. Asiyeweza kungoja makopa asichukue unga moja kwa moja hadi chunguni. Aulowanishe kwa maji, autandaze mkekani kwa unene usiozidi sentimeta 1, auache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha ausonge siku hiyohiyo, na pembeni aweke maharage au dagaa, hata kidogo.