Kuwalisha Watoto kwa Insafu: Mazingatio Juu ya Ndege wa Ziwani

Katika mambo ambayo watu wa zama hizi hupenda kuyatazama ni picha za sinema za ndege na wanyama. Mtu huketi barazani na simu mkononi, akamwona ndege wa nchi ya mbali akiwalisha makinda wake, akasema "Subhanallah", kisha akapitisha kidole aone jingine. Tasbihi hiyo ni njema, wala hatuikatazi. Lakini twauliza: kutazama huko kumemzidishia nini mtazamaji? Na je, yamfaa mwanaadamu kuchukua kwa ndege hukumu ya namna ya kuwalea wanawe? Swali hili la pili ndilo tulilolikusudia, na la kwanza litapata jawabu ndani yake.

Wala asidhani mtu kuwa kuwachungua ndege ni kazi ya Wazungu isiyotuhusu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, Kitabul Hayawan. Baada yake akaja Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, akaandika Hayatul Hayawan, kitabu ambacho wanavyuoni hukirejea hata leo. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratul An'am, yatufahamisha kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama tulivyo sisi. Na umma haujuliwi kwa kutupiwa jicho moja.

Basi na tushike mfano mmoja. Yuko ndege wa majini, mweusi, mwenye mdomo mweupe, akaaye katika maziwa madogo na vinamasi vya Marekani ya Kaskazini. Jamaa yake, aitwaye kukuziwa, mwenye vinundu viwili vyekundu pajini, huonekana hapa kwetu Kenya katika ziwa la Naivasha. Ndege huyo wa Marekani hujenga kiota cha majani juu ya maji, na jike hutaga mayai kiasi cha tisa au kumi. Mayai hayo hayaanguliwi siku moja. Huanguliwa mmoja mmoja kwa muda wa siku kadhaa. Kwa hivyo, atokapo kinda wa mwisho, wa kwanza amekwisha kula na kupata nguvu. Na la ajabu ni kuwa wazazi ni weusi, lakini makinda hutoka wamevaa manyoya yenye ncha za rangi ya chungwa, kama waliokwenda harusini.

Mwaka 1994 mtaalamu Bruce Lyon na wenzake wawili walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya British Columbia, nchini Kanada. Katika viota kadhaa walikata zile ncha za rangi kwa nusu ya makinda, wakabaki weusi, na nusu wakawaacha na pambo lao. Wakaona kuwa wazazi waliwalisha zaidi wenye rangi, nao wakakua upesi na wakasalimika zaidi kuliko ndugu zao waliokatwa. Lakini katika viota ambavyo makinda wote walikatwa, hapana aliyepungukiwa: walilishwa na wakaishi sawa na makinda wa viota visivyoguswa. Litazame sana jambo hili, ewe msomaji. Weusi peke yake haukumnyima kinda chakula. Kilichomnyima ni kulinganishwa na ndugu yake.

Ama anayetega kamera kando ya kiota katika siku za mwanzo, huona mambo ya kuhuzunisha. Wakubwa huwasukuma wadogo, mdomo ulio mbele ndio unaopata, na wengi wa waliozaliwa nyuma hufa kwa njaa mbele ya macho ya baba na mama. Lakini akiwa na subira ya kuendelea kutazama, baada ya siku kiasi cha kumi huona mambo yamepinduka. Wazazi hushika wenyewe hatamu za chakula. Mkubwa ajaye kwa pupa hukamatwa kichwani kwa mdomo akatikiswa mpaka akarudi nyuma, na tonge hupewa mdogo. Na mwaka 2020 Lyon, pamoja na Daizaburo Shizuka, walieleza kuwa makinda wa mwisho kuanguliwa ndio wenye rangi iliyokoza zaidi. Basi ile rangi iliyodhaniwa kuwa ni pambo tu, kumbe ni kama alama ya kumjulisha mzazi ni nani aliyechelewa kuja duniani.

Sasa na tuwaweke watu wawili. Mmoja ameona picha za siku tatu za mwanzo, na wa pili ameona za siku ya kumi na tano. Yule wa kwanza atasema: dunia ndivyo ilivyo, mwenye nguvu hula na mnyonge hufa, basi kwa nini alaumiwe mwanaadamu afanyaye hivyo? Wa pili atasema: hata ndege humwonea huruma mdogo, basi sisi tuwafuate ndege. Maneno ya wa pili ni matamu zaidi, lakini sisi twaona kuwa wote wawili wamekosea njia, kwani wote wamemfanya ndege kuwa kadhi.

Dalili ya kosa lao tunayo katika kisa cha wana wawili wa Adam. Qabil alipomwua nduguye hakujua la kufanya na maiti, mpaka Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akafukua ardhi, naye akajifunza namna ya kuzika. Kunguru alimfundisha namna ya kutenda. Hakumfundisha kuwa kuua ni haramu, kwani hilo lilikuwa limekwisha kusemwa na ndugu yake kabla ya kuuawa, kwa kumcha Mola wake. Hivyo ndivyo viumbe wote walivyo kwetu. Hutuonyesha ishara, hutufungua macho, hutuamsha tuulize. Lakini hukumu ya haki na dhulma haichukuliwi katika mdomo wa ndege. Kama ingechukuliwa huko, ingetupasa tumfuate siku ya kumi na tano anapomlisha mdogo, na tumfuate pia siku ya tatu anapowaacha wanawe wafe. Na hapana mwenye akili asemaye hivyo.

Basi hukumu twaipata wapi? Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Bashir, baba yake An-Nu'man, alitaka kumpa mwanawe huyo zawadi, na mama yake mtoto akashurutisha kuwa Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume akamwuliza kama amewapa wanawe wote mfano wa hiyo. Alipojibu kuwa hakuwapa, Mtume akakataa kuishuhudia, akaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Wanavyuoni wakakhitilafiana baada ya hapo: wako waliosema kuwa kusawazisha ni wajibu, na wako, miongoni mwao Mashafi wetu, waliosema kuwa ni sunna na kupendelea ni makuruhu. Lakini Ibn Qudama katika Al-Mughni ametaja kuwa yajuzu kumhusu mmoja kwa sababu ya haja, kama vile ugonjwa, upofu, wingi wa wategemezi, au kushughulika na ilimu. Ama nafaka ya lazima, hiyo tangu asili yake hutolewa kwa kadiri ya haja: mtoto wa kunyonya hapewi sawa na kijana wa miaka kumi na mitano, wala hapana aliyeita jambo hilo dhulma.

Kwa hivyo si kila tofauti ni dhulma, wala si kila usawa ni insafu. Akimpa mwenye afya shilingi mia, na mgonjwa wa kifua shilingi mia, baba huyo amesawazisha hesabu na ameacha haja. Lakini mlango huu wa "haja" ni mlango ambao shetani naye hupita. Kila baba ampendeleaye mmoja husema kuwa anayo sababu. Basi tutajuaje sababu ya kweli na ya uongo? Sisi twaona mizani yake ni nyepesi: sababu ya kweli ni ile ambayo baba aweza kuitaja mbele ya wanawe wote wameketi, na asione haya. Aweza kusema, "Huyu nimemzidishia kwa kuwa macho yake hayaoni." Je, aweza kusema, "Huyu nimemzidishia kwa kuwa mama yake ndiye nimpendaye"? Au, "kwa kuwa ndiye apigaye kelele zaidi"? Sababu ipasayo kufichwa huwa si sababu. Huwa ni upendeleo.

Na tuseme lililo wazi katika miji yetu ya pwani, ijapokuwa ni chungu. Zimo nyumba ambazo mtoto akizaliwa, la kwanza kuulizwa ni rangi yake. Mweupe akaitwa mzuri, mweusi akasikitikiwa, nao ni wa tumbo moja. Zimo nyumba ambazo mwana wa kiume hulipiwa karo na kupelekwa ng'ambo, na dada yake mwenye akili kumshinda akaambiwa asubiri posa. Zimo nyumba ambazo mtoto mkimya, asiyejua kuomba, hula makombo ya mwenye ulimi. Kisha baba akifa, watu husimama mbele ya kadhi wakigombania mlango na mnazi, na mjini husemwa kuwa wanagombania mali. Hawagombanii mali. Wanadai yale matonge ya miaka thelathini iliyopita. Na yule ndege, asiyekalifishwa sharia yoyote, rangi kwake humwelekeza kwa aliyechelewa. Sisi tuliopewa akili na Kitabu, rangi kwetu imekuwa ya kumnyima mtu haki yake.

Limebaki lile swali la kwanza, la mwenye kutazama. Hatukusudii kuingia hapa katika khitilafu ya wanavyuoni juu ya taswira. Twasema tu kuwa mwenye kamera mbele ya kiota ana uwezo juu ya mnyonge, kama baba alivyo na uwezo juu ya mtoto, na uwezo huo utaulizwa. Abu Dawud amepokea kuwa Masahaba safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege mdogo, mama yao akaja akitandaza mbawa, Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamrisha warejeshwe. Leo mtu huenda asichukue kinda, akachukua picha tu. Lakini akifunua majani apate kuona vizuri, mama hukimbia, mayai hupoa, na kunguru, ambao Mombasa hawana uchache, huonyeshwa njia. Hata wale wataalamu wa Kanada, ilimu waliyoipata ina thamani, na bei yake ililipwa na makinda waliokatwa manyoya. Mwenye kutafuta ilimu yenye manufaa, akapunguza madhara kadiri awezavyo, ana hoja ya kuisimamia. Mwenye kutafuta kushangiliwa na watu hana hoja.

Basi, ndugu zetu, tazameni ndege, na tazameni mpaka mwisho, wala msihukumu kwa siku tatu. Kisha geuzeni macho mwatazame walioketi nanyi kwenye mkeka wakati wa chakula cha usiku. Yuko mmoja hapo asiyenyoosha mkono mpaka wengine wamalize. Huyo hana unyoya wa chungwa wa kumtambulisha kwenu. Mmepewa macho na moyo badala yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye insafu katika nyumba zao. Wallahu aalam.