Wema kwa Kiumbe Mwenye Hofu

Katika Githongo, chini ya Mlima Kenya kwa upande wa Meru, mashamba ya chai hupanda na kushuka pamoja na vilima. Mtu akiwa anapalilia, na jembe lake likafunua nyoka mdogo mwembamba kama kalamu, hukumu hutoka kabla ya shauri: jembe huinuliwa, na nyoka hufa. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa methali: mwana wa nyoka ni nyoka.

Methali hii ina ukweli wake. Kifutu huzaliwa na sumu, na mtoto wake wa siku moja aweza kumdhuru mtu mzima. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, maana wengi wa wanaoumwa ni wakulima na watoto wa vijijini, walio mbali na hospitali. Kwa hiyo simlaumu mama aliyemwua nyoka karibu na kitanda cha mwanawe. Lakini nakuomba, ewe kijana msomaji, ufuatane nami katika swali ambalo methali haikulijibu. Kiumbe mwenye hofu, ambaye hawezi kutupenda wala kutushukuru, akiwa mikononi mwetu, tuna wajibu gani kwake?

Swali hili lilinijia kwa njia ya mpwa wangu, mzaliwa wa Githongo, aliyekwenda kusoma Uingereza. Huko alikuta watu wafugao nyoka nyumbani kama sisi tufugavyo kuku, akaona ajabu, kisha akatamani. Akanunua mtoto wa chatu-mpira. Chatu-mpira ni nyoka wa Afrika. Makao yake ya asili huanzia Senegali na kufika Uganda. Hana sumu. Jina hilo amelipata kwa sababu akiogopa hujikunja akawa duara kama mpira, na kichwa chake hukificha katikati. Wengi huzalishwa vizimbani, na huyu alikuwa mmoja wa hao.

Mpwa wangu alimpokea mgeni wake kwa furaha kubwa. Usiku wa kwanza alimtoa sandukuni akamshika. Siku ya pili aliwaita rafiki zake, nao wakampitisha mkono kwa mkono. Kila alipoamka alimtazama, na kila aliporudi darasani alimwinua kuona kama amezoea. Nyoka alijikunja, akapuliza, akashambulia mkono uliomkaribia. Chakula hakukigusa. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Ndipo nikapata barua yake: “Mjomba, nimempa joto, maji na chakula. Nampenda, naye ananichukia. Nimekosa nini?”

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa kwetu hatufundishwi kumlea nyoka. Jibu alilipata kwa mzee aliyemwuzia, naye alimwambia, “Umemfanyia mengi mno. Sasa mfanyie machache.”

Tutafakari maneno hayo. Nyoka hana masikio ya nje kama yetu, lakini mtikisiko wa ardhi humfikia kwa mifupa ya taya lake. Hatua zetu kwake ni ngurumo. Huionja hewa kwa ulimi wake, na hewa ya nyumba ngeni humwambia kwamba hakuna anachokijua. Joto la mwili wake hutegemea mahali alipo, na akikosa joto hawezi hata kuyeyusha chakula tumboni. Tena yeye ni mdogo, na wanaokula nyoka wadogo ni wengi: tai, kipanga, nguchiro na paka. Ndege hao humshukia kutoka juu. Basi mkono unaomshukia kutoka juu, hata ukiwa umejaa mapenzi, kwake una umbo la ukucha. Mpwa wangu aliona mkono wa rafiki. Nyoka aliona kifo chake. Wote wawili walikuwa wakiutazama mkono mmoja.

Hapa ndipo penye kosa letu wengi. Twadhani kwamba nia njema huonekana. Nia haina rangi wala harufu. Imefichika ndani ya mwenye nia. Kinachomfikia mwenzetu ni tendo tu, na tendo hulipima kwa hofu yake, si kwa moyo wetu. Tena tumezoea kuiita hofu kwa jina la chuki. Anayejikunja twasema ana kiburi, anayenyamaza twasema hana shukrani, anayejitetea twasema ana ubaya wa asili. Laiti tungeuliza kwanza, “Anaogopa nini?” hukumu nyingi zingebaki midomoni bila kutoka.

Kijana alifuata shauri la mzee. Aliweka sanduku mahali pa kimya, akafunika pande zake tatu kwa karatasi ili nyoka asione watu wakipita. Upande mmoja aliuweka uwe na joto na upande wa pili uwe baridi kidogo, na kila upande akauwekea maficho, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Maficho hayo yalikuwa madogo, ya kumtosha kuingia na kubanana, kwa sababu nyoka hupata utulivu ukuta unapomgusa pande zote. Alimwekea maji safi. Kisha akafanya lililo gumu kuliko yote: alimwacha. Kwa muda wa wiki nzima hakumshika. Alibadilisha maji, akaondoka.

Usiku wa siku ya nane, taa zikiwa zimezimwa, alimletea panya mdogo aliyekwisha kufa, asiyezidi unene wa nyoka mwenyewe, akiwa amepashwa joto. Asubuhi panya hakuwepo. Hata hivyo hakuharakisha. Alingoja mpaka nyoka amekula mara kadhaa, na kila baada ya mlo akapitisha siku mbili bila kumgusa, kwa maana nyoka akisumbuliwa baada ya kula aweza kukitapika chakula. Alipoanza kumshika tena, alimkaribia kwa ubavu, akampokea kutoka chini, kwa dakika chache tu. Nyoka aliacha kujikunja.

Je, nyoka alimpenda? Hapana dalili ya kutufanya tuseme hivyo. Aliacha kumwogopa, na hilo ndilo lote alilokuwa na uwezo wa kulitoa. Naona somo kubwa katika hesabu hii ndogo. Mbwa akilishwa hutikisa mkia, nasi tukafurahi. Ni vigumu kujua kama tulimlisha kwa ajili yake au kwa ajili ya mkia ule. Nyoka hana mkia wa namna hiyo. Anayemtunza vizuri hulipwa kwa kumwona amelala kwa amani, basi. Wema usiotazamia malipo hupimwa mahali kama hapo.

Lakini msomaji mwenye akili ataniuliza, “Kama kweli alimtakia amani, kwa nini alimtia sandukuni?” Swali ni la haki, wala sitalikimbia. Aliyemnyima mwenzake uwezo wa kuondoka amejitwika deni: yampasa kumpa yote ambayo angejitafutia mwenyewe, yaani joto, kivuli, maji, chakula na upweke. Deni hili laweza kulipwa kwa nyoka aliyezaliwa kizimbani, asiyejua kuishi kwingine. Kwa nyoka wa porini ni vigumu mno kulilipa.

Na jambo hili linatuhusu sisi wa mlima huu. Mwaka 1968 James Ashe, mtaalamu wa nyoka, alitangaza katika elimu ya sayansi nyoka wa mitini wa misitu ya Mlima Kenya upande wa Chuka, mwenye sumu, ambaye hupatikana pia katika milima ya Nyambene. Hakuna nchi nyingine duniani aliko. Uzuri wake ukawa balaa yake, kwa sababu wafugaji wa mbali walimtamani. Kwa ombi la Kenya, mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kuiwekea masharti biashara yake. Hapa nyumbani, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilikataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Basi usije ukasoma habari za mpwa wangu ukaenda kutafuta nyoka katika majani ya chai. Nyoka wa shambani ana nyumba tayari. Njia ya kumsaidia atulie ni kurudi nyuma, kumwachia nafasi, na kumwita mtu mzima akiwa amekaribia makazi.

Mpwa wangu alikuja likizo Desemba iliyofuata. Siku moja, tukipalilia, jembe langu lilifunua nyoka mdogo wa rangi ya kahawia. Mkono wangu uliinuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka hamsini. Naye hakunishika mkono wala hakupiga kelele. Alisema kwa upole, “Mjomba, turudi hatua tatu.” Tukarudi. Nyoka alikaa kimya kitambo, akaionja hewa, kisha akaingia chini ya majani. Sikujua kama alikuwa na sumu au hakuwa nayo. Nilijua tu kwamba hakuwa na haja nami.

Ewe msomaji, huenda usimlee nyoka maisha yako yote, na si lazima. Lakini mwezi wa kwanza wa mwaka wa shule ataingia bwenini mtoto mgeni, amekumbatia sanduku lake, asiyesema na mtu. Wengine watamcheka, na wengine, kwa nia njema, watamzunguka kwa maswali mpaka ajikunje zaidi. Wewe mwonyeshe kitanda chake, mahali pa maji na njia ya kwenda kula. Kisha mwache apumue, na kesho yake pita tena.